UZI: Kathleen Freeman, mchana anafundisha Kigiriki cha kale Cardiff, usiku anaua watu kwenye riwaya

#1 Mzee wa Rafu

Wakuu, habari za jioni.

Wapenzi wa riwaya za upelelezi humu mnajijua. Wapenzi wa falsafa na historia ya kale nanyi mnajijua, mnavyojifungia kwenye kona yenu na kutuona sisi wasoma riwaya kama tumepotea njia. Leo nawaletea mtu ambaye pande zote mbili zinamdai.

Kathleen Freeman. Mwanafunzi wa falsafa ya Kigiriki anamjua kwa kitabu kikavu chenye jina la kutisha, Ancilla to the Pre-Socratic Philosophers, kuhusu wanafalsafa waliomtangulia Socrates. Mpenzi wa riwaya za zamani za Uingereza anamjua kwa jina la Mary Fitt, mwenye kumwaga sumu kwenye vikombe vya chai na kuacha maiti kwenye majumba ya kifahari. Ni mwanamke yule yule, na wasomaji wengi wa Mary Fitt hawakuwa na habari kwamba asubuhi mwandishi wao anasimama mbele ya darasa akichambua vitenzi vya Kigiriki.

Maisha kwa kifupi kwanza. Alizaliwa Juni 1897 Yardley, Birmingham. Familia ikahamia Cardiff, kusini mwa Wales, akasoma Canton High School na baadaye chuo cha pale mjini, kilichoitwa University College of South Wales and Monmouthshire. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Cardiff. Shahada ya kwanza 1918. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka kama 22, chuo kikamwajiri kufundisha Kigiriki. Hakuhama. Alikaa hapo hapo mpaka 1946, akapanda mpaka mhadhiri mwandamizi, na katikati akajipatia shahada ya uzamili 1922 na ya juu kabisa ya fasihi 1940.

Mwaka 1926 ndio alioanza kuonyesha rangi zake. Alitoa kitabu cha kitaaluma kuhusu Solon, mtunga sheria wa Athens, na mwaka huo huo akatoa hadithi fupi za kubuni. Toka mwanzo alikuwa na miguu miwili.

Nitaendelea. Kuna kesi ya mauaji ndani yake, msiondoke.

#2 kahawa_chungu

Umesema kesi ya mauaji, basi mimi nimeshavuta kigoda. Tiririka mzee.

#3 Mjuaji wa Mtaa

Mkuu samahani, umeandika Cardiff kwenye kichwa cha uzi lakini amezaliwa Birmingham. Birmingham ni England. Huyo si Mwelshi. Ni sawa na kumwita mtu wa Mwanza Mpemba kwa kuwa alipata kazi Wete.

#4 Mzee wa Rafu

Mjuaji, nilikuwa nakusubiri. Kasoma sekondari Cardiff, kasoma chuo Cardiff, kafundisha Cardiff miaka ishirini na saba, kafa St Mellons, kijiji kilichokuwa pembeni ya Cardiff na sasa kimemezwa na jiji. Mtu wa hivyo kama si wa pale basi ni wa wapi? Huyo Mpemba wako wa Mwanza akikaa Wete toka utotoni mpaka kaburini, wenyewe watamwita wao, na wewe utabaki na cheti chake cha kuzaliwa mkononi.

Na kuna sababu nyingine ya kumhesabu mtoto wa Wales. Chuo Kikuu cha Wales, ambacho chuo cha Cardiff kilikuwa sehemu yake, kilipopewa hati yake 1893 kiliwafungulia wanawake mlango sawa na wanaume, shahada ikiwemo. Oxford hawakumpa mwanamke shahada mpaka 1920. Cambridge ndiyo usiseme, shahada kamili kwa wanawake ni 1948. Freeman kapata yake 1918. Angekuwa Oxford mwaka ule, angefanya mitihani ile ile, angefaulu, na angerudi nyumbani bila shahada.

#5 Binti wa Nadharia

Hili la Cambridge 1948 huwa nawaambia watu hawaamini. Asante mzee.

Ila swali: kama Wales walikuwa mbele hivyo, mbona hajawahi kuwa profesa? Miaka ishirini na saba unafundisha, umeandika kitabu cha Solon, una shahada ya juu kabisa, unaishia mhadhiri mwandamizi?

#6 Mzee wa Rafu

Dada, umegusa penyewe. Wanawake maprofesa walikuwepo lakini wa kuhesabu. Cardiff yenyewe ilikuwa na Millicent Mackenzie, aliyepata uprofesa wa elimu 1910, na huyo ndiye wa kwanza Wales nzima. Mlango wazi wa kuingilia darasani ni kitu kimoja, kiti cha mbele ni kingine. Kiti cha Kigiriki pale Cardiff, toka 1908 mpaka 1926, kilikaliwa na Gilbert Norwood, bingwa wa tamthilia za Kigiriki.

Turudi kwa Solon kidogo, kwa sababu pale ndipo unaona akili ya huyu mama inavyofanya kazi.

Solon alipewa madaraka Athens mnamo 594 KK. Mji ulikuwa unakaribia kushikana mapanga. Maskini walikuwa wanakopa kwa kuweka rehani miili yao wenyewe, na wakishindwa kulipa wanauzwa utumwani, wao na watoto. Solon akafuta madeni hayo na akapiga marufuku mtu kuwekwa rehani. Kisha akasafiri miaka kumi nje ya mji ili wasimbane azibadilishe sheria zake.

Shida ni hii: tunajuaje haya yote? Kuna vipande vya mashairi ya Solon mwenyewe, maana alikuwa mshairi na siasa zake alizitolea kwa shairi. Kuna kitabu cha katiba ya Athens cha shule ya Aristotle, kilichoandikwa zaidi ya karne mbili baadaye. Hicho kilipotea kabisa mpaka kikapatikana kwenye mafunjo ya Misri na kuchapwa 1891. Halafu kuna Plutarch, aliyeandika miaka kama mia saba baada ya Solon, na ambaye hadithi tamu haimpiti bila kuichukua. Mtu anayeandika maisha ya Solon inabidi awasimamishe mashahidi hawa kizimbani mmoja mmoja: wewe uliona? Wewe ulisikia kwa nani? Wewe una maslahi gani?

Hiyo ndiyo kazi ya mpelelezi wa riwaya. Msimamo wangu kwenye uzi huu ni kwamba Freeman hakuwa na kazi mbili. Alikuwa na kazi moja, akiiuza kwenye maduka mawili.

#7 Mjuaji wa Mtaa

Au alikuwa anahitaji hela ya kodi. Mshahara wa mhadhiri unaujua?

#8 kahawa_chungu

Mjuaji hata peponi atauliza bei.

#9 Mzee wa Rafu

Hela haikosi kuwemo, sikatai. Lakini angekuwa wa hela tu angebaki na Mary Fitt na kuachana na Wagiriki. Angalia ratiba yake ya vitabu:

Mary Fitt anaanza 1936. Ndani ya miaka mitano ana riwaya kadhaa tayari, na mpelelezi wake ni Inspekta Mallett. Vita ya pili inaingia. Usiku wa tarehe 2 Januari 1941 ndege za Wajerumani zinaipiga Cardiff, zaidi ya watu 150 wanakufa, kanisa kuu la Llandaff linabomoka paa. Freeman wakati huo anazunguka kusini mwa Wales kutoa mihadhara kwa wanajeshi na kwa Wizara ya Habari. Na mwaka huo huo wa 1941 anatoa kitabu kinachokusanya maneno ya Wagiriki wa kale juu ya udikteta. Kichwa chake kinasema haya yote yalishatokea, na kwamba humo mtasoma Wagiriki walifikiria nini kuhusu Manazi wao. 1943 akaongeza kingine juu ya uhuru. Mwanamke anasoma Kigiriki cha miaka 2,400 iliyopita ndani ya mji unaolipuliwa, na anaona ni habari ya leo asubuhi.

Halafu 1946. Anaacha kazi chuoni akaandike. Mwaka huo mmoja anatoa kitabu kinene cha kuwaelezea wanafalsafa waliomtangulia Socrates, anatoa riwaya ya Mary Fitt, Death and the Pleasant Voices, na anatoa ile niliyowaahidi: The Murder of Herodes. Vitabu vitatu, vya aina tatu, mwaka mmoja. Sasa Mjuaji niambie, huyo ni mtu wa kodi ya nyumba?

#10 Mjuaji wa Mtaa

Ni mtu asiyelala. Haya, leta mauaji.

#11 Mzee wa Rafu

Kitabu hiki ni mkusanyiko wa kesi halisi kutoka mahakama za Athens. Alizitafsiri hotuba za mahakamani na kumweleza msomaji wa kawaida kilichokuwa kinaendelea. Kesi iliyokipa kitabu jina ni hii. Someni taratibu, nitauliza maswali.

Mtu mmoja anaitwa Herodes, Mwathens aliyekuwa mlowezi katika kisiwa cha Lesbos. Anapanda chombo Mytilene, mji wa kisiwa hicho, kwenda Aenus, pwani ya Thrace, kwa biashara ya mateka wa Kithrace waliokuwa wanakombolewa. Ndani ya chombo hicho kuna kijana wa Mytilene anayejulikana kama Euxitheus. Yeye anakwenda kumtembelea baba yake, anayeishi huko Aenus.

Bahari inachafuka. Wanakimbilia bandari ndogo eneo la Methymna, bado Lesbos hiyo hiyo. Chombo chao hakina sitaha, na mvua inanyesha, kwa hiyo abiria wanahamia chombo kingine kilichotia nanga hapo chenye kufunikwa. Wanaanza kunywa. Usiku Herodes, akiwa amelewa, anashuka. Harudi.

Asubuhi anatafutwa, chomboni na bandarini. Siku ya pili vile vile. Hakuna maiti, hakuna nguo, hakuna kitu. Euxitheus anasaidia kutafuta, na anatoa mtu wake apeleke habari Mytilene wengine walipokataa kwenda. Upepo unapotulia anaendelea na safari yake Aenus.

Baadaye ndugu wa Herodes wanasema: ni yeye. Wanakagua chombo, wanakuta damu. Wanashangilia. Inagundulika ni damu ya wanyama wa kafara. Wanachukua watu wawili wanawatesa. Mmoja hasemi lolote baya juu ya Euxitheus. Mwingine ni mtumwa, waliyemnunua wao wenyewe, huyo anamtaja. Baadaye anapoona atauawa hata hivyo, anakana. Wanamuua. Kisha, kwenye chombo kile kile ambacho mara ya kwanza kilikaguliwa isionekane barua yoyote, inapatikana barua ndogo inayodaiwa Euxitheus alimwandikia mtu mmoja anayeitwa Lycinus kwamba kazi imekwisha.

Haya wakuu. Kaua au hakuua?

#12 Wakili wa Ngazi ya Chini

Mheshimiwa mwanzisha uzi, hata kama sina faili mbele yangu, shahidi wa msingi ananunuliwa na upande wa mashtaka, anateswa na upande wa mashtaka, halafu anauawa na upande wa mashtaka kabla ya kesi. Hapo mimi sihitaji hotuba ndefu. Ningesimama, nikauliza yuko wapi shahidi, nikakaa.

Na barua hiyo ni ya kupandikizwa. Ukishakagua mara moja hukukuta, ukakagua tena ukakuta, sheria kokote duniani inakuuliza hapo katikati nani alikuwa na ufunguo.

#13 Mzee wa Rafu

Wakili, umeongea kama ulikuwepo. Mshitakiwa mwenyewe anasema karibu hivyo hivyo, na anaongeza mawili. La kwanza: barua ya nini kama aliyeibeba alikuwa mshirika kwenye mauaji? Angesema kwa mdomo. Mtu huandika pale tu anapotaka mjumbe asijue, au pale habari ni ndefu na atasahau. Habari ya "nimemuua" ina urefu gani?

La pili: mtumwa chini ya mateso alisema yeye ndiye aliyeua. Barua inasema aliyeua ni Euxitheus. Ushahidi wao wenyewe unapigana.

#14 Nahodha wa Pangani

Mimi nimefanya kazi ya jahazi kabla sijahamia nchi kavu. Mtu kalewa, usiku, mvua, chombo kimefungwa kando ya kingine, anashuka kwenda haja au kupunga upepo. Ubao una utelezi. Wakuu, hapo sisi watu wa bahari hatutafuti muuaji. Tunatafuta mkondo unaelekea wapi. Na kama mkondo unatoka nje, siku mbili za kutafuta bandarini ni kupoteza muda, maiti imeshakwenda.

Herodes alijiua mwenyewe kwa pombe, basi.

#15 Binti wa Nadharia

Nahodha, kwa nini basi ndugu zake wamkazanie kijana huyu na si mwingine yeyote chomboni? Kuna kitu mzee hajatuambia.

#16 Mzee wa Rafu

Kipo, na ndicho kinachonifanya nimheshimu Freeman, maana kesi hii ukiisoma bila siasa yake unaona kamba bila kuona mbuzi.

Mytilene iliasi dhidi ya Athens 428 KK. Ilipozidiwa mwaka uliofuata, wananchi wa Athens walipiga kura wanaume wote wa Mytilene wauawe na wanawake na watoto wauzwe. Kesho yake wakajuta, wakapiga kura tena, wakatuma meli ya pili ikimbizane na ya kwanza, ikawahi dakika za mwisho. Mji ukapona lakini mashamba yakagawiwa Waathens. Herodes ni mmoja wa walowezi wa aina hiyo. Euxitheus ni kijana wa mji ulionyang'anywa, na baba yake alikuwepo wakati wa uasi. Kesi inasikilizwa Athens, mbele ya wazee wa baraza wa Athens. Sasa dada umeona kwa nini yeye?

Na utaratibu wenyewe ulipindwa. Kesi ya mauaji Athens ilikuwa na mahakama yake maalumu, inayokaa mahali pa wazi pasipo paa, kwa viapo vizito, ili walio safi wasiwe chini ya dari moja na mwenye najisi ya damu. Euxitheus hakupelekwa huko. Alishitakiwa kwa utaratibu wa kukamata wahalifu wa kawaida, wezi na wanyang'anyi wa nguo. Kwa njia hiyo akawekwa ndani akisubiri kesi na dhamana akanyimwa. Analalamika hilo mwanzoni kabisa mwa hotuba.

Wakili usije ukauliza alitetewa na nani. Hakukuwa na wakili wa kusimama kwa niaba yako, wala polisi wa kupeleleza, wala mwendesha mashtaka wa serikali. Unasimama mwenyewe, saa ya maji inadondoka, unaongea. Ukiwa na uwezo unamlipa fundi akuandikie hotuba uikariri. Fundi wa hotuba hii ni Antiphon. Mtu hatari sana kwa kalamu. Mwaka 411 KK alikuwa nyuma ya mapinduzi ya matajiri wachache Athens, yakashindwa, akashitakiwa kwa uhaini. Thucydides, mwanahistoria wa zama hizo ambaye si mtu wa kusifu hovyo, anasema utetezi wa Antiphon siku hiyo ulikuwa bora kuliko wowote uliowahi kutolewa mpaka wakati wake. Wakamuua.

#17 kahawa_chungu

Fundi wa kuokoa wengine kashindwa kujiokoa. Na kijana je? Hukumu ilikuwaje?

#18 Mzee wa Rafu

Hotuba ndiyo iliyobaki, hukumu haikubaki. Hata hotuba ya upande wa mashtaka haipo. Una sikio moja tu.

#19 Mjuaji wa Mtaa

Basi hapo mnamhukumu marehemu Herodes kwa pombe kwa kusikiliza upande mmoja wa fundi wa maneno aliyelipwa. Hongereni.

Mimi nasema kaua. Mnasahau mteswaji wa kwanza naye yupo mikononi mwa hotuba ya Antiphon, mkondo wa Nahodha haumo kwenye ushahidi, na hiyo damu ya kafara tumeambiwa na nani? Na mshitakiwa.

#20 Wakili wa Ngazi ya Chini

Mjuaji leo umepiga msumari. Naondoa sehemu ya hoja yangu, nabaki na moja: shahidi aliyeuawa. Hilo hata Antiphon hawezi kulitunga mbele ya baraza, maana upande wa pili wapo pale pale wangemzomea.

#21 Mzee wa Rafu

Mnaona mnachofanya? Mnafanya kazi ya Freeman bila kulipwa.

Kuna hoja moja kwenye hotuba hiyo ambayo lazima niiweke kwa ajili ya Nahodha. Euxitheus anawaambia wazee: mnajua kwamba mwenye damu mikononi akipanda chombo huwazamisha na wasio na hatia, na akisimama kwenye kafara, kafara inakataa. Basi waulizeni waliosafiri nami na kutoa kafara nami. Safari zote zilikuwa shwari. Anawaleta na mashahidi wa hilo!

#22 Nahodha wa Pangani

Hoja hiyo msiicheke. Mimi nimeshaona abiria anashushwa chomboni kwa jambo dogo kuliko hilo.

#23 Binti wa Nadharia

Mzee naomba turudi kwenye kitabu chenye jina la kutisha, maana hicho ndicho tulichokuwa tunaazimana chuoni kikiwa kimechanika jalada. Kwa wasiojua: wanafalsafa wa kabla ya Socrates, akina Heraclitus, Parmenides, Democritus, hakuna hata mmoja ambaye maandishi yake yamefika kwetu kamili. Tulichonacho ni vipande, mstari huku na nusu mstari kule, vilivyonukuliwa na watu wa baadaye. Mjerumani Hermann Diels alivikusanya vyote, chapa ya kwanza 1903. Lakini Diels kwa mwanafunzi ni ukuta: Kigiriki, na ukitafuta msaada unapewa Kijerumani. Freeman 1948 akachukua vipande vyote vile akavitia kwenye Kiingereza, kimoja kimoja, kwa namba zile zile za Diels. Siku hizi kipo bure mtandaoni.

Kwa mfano Heraclitus, namba 97: mbwa humbwekea wasiyemjua. Au Democritus, namba 117: kwa hakika hatujui kitu, maana ukweli uko kilindini.

#24 Mswahili wa Likoni

Uko Kilindini?? Basi ndiyo sababu hautoki, umezuiliwa forodhani unadaiwa ushuru.

#25 kahawa_chungu

😂😂😂 Uzi ufungwe.

#26 Binti wa Nadharia

Mswahili unanichekesha nikiwa kazini. Namalizia hoja yangu: kitabu hicho kina tatizo pia. Ni vipande vitupu. Diels aliweka kando ya vipande ushuhuda wa watu wa kale juu ya kila mwanafalsafa, na ule Freeman hakuutafsiri humo. Unasoma "ukweli uko kilindini" bila kujua aliyenukuu ni nani na alikuwa anabishana na nani. Kwa mwanamke ambaye mzee anasema kazi yake ni kuhoji mashahidi, pale amewaleta washitakiwa akawaacha mashahidi nje ya mlango. Hapo nadharia yako ya kazi moja maduka mawili inayumba.

#27 Mzee wa Rafu

Dada umenibana. Nitajitetea hivi: kile kitabu kinene cha 1946 ndicho chenye ushuhuda na maelezo, na Ancilla, Kilatini cha mjakazi, ni mjakazi wake, kwa ajili ya kushikwa pamoja. Tatizo watu walinunua mjakazi wakamwacha bibi, kwa sababu mjakazi ni mwembamba na bei rahisi. Lakini nakubali, ukikisoma peke yake kinakuacha na misemo ya kubandika ukutani.

#28 mpenda_riwaya_Moro

Jamani wanafalsafa mmeshiba, na sisi tupeni chetu. Riwaya zake zikoje? Zinasomeka au ni za kizee?

#29 Mzee wa Rafu

Mpenda riwaya, zinasomeka. Death and the Pleasant Voices inaanza hivi: kijana mwanafunzi wa udaktari anapotea njia kwenye dhoruba, anaona jumba kubwa, anaingia kuomba msaada. Ndani familia nzima inamwangalia kama wamemwona mtu wanayemchukia. Kumbe walikuwa wanamsubiri mrithi aliyekulia India ambaye hawajawahi kumwona, anayekuja kuchukua nyumba na mali yote, na wamedhani ndiye. Hebu fikirieni: kabla mtu hajafa tayari umeshajua kila mmoja mle ndani ana chuki kiasi gani, maana wamezimwaga mbele ya mtu asiyehusika.

Nguvu yake iko hapo, kwenye watu na vinyongo vyao. Ukitaka ratiba za treni na ramani ya nyumba yenye alama ya msalaba, utachoka. Mallett wake naye si mpelelezi wa mbwembwe. Na zipo zilizolegea, ukiandika zaidi ya riwaya ishirini haziwezi kuwa zote za moto. Miaka ya karibuni zimeanza kuchapwa upya, kwa hiyo si lazima uvizie mitumba.

Mwaka 1950 alichaguliwa kuingia Detection Club ya London, chama cha waandishi wa upelelezi kilichoanzishwa 1930. Ukiingia unaapa mbele ya fuvu la kichwa kwamba wapelelezi wako watatumia akili waliyopewa na mwandishi, bila ufunuo wa mbinguni, bila uganga, bila bahati ya kubambikiza. Kwa kiapo hicho, Nahodha, hoja ya chombo kutozama ingemfukuzisha Euxitheus chamani.

#30 mpenda_riwaya_Moro

Nimeielewa sana hiyo ya kukosewa kuwa mrithi. Naitafuta. Na maisha ya nyumbani je, aliolewa?

#31 Mzee wa Rafu

Hakuolewa. Mwenzi wake alikuwa Dk. Liliane Clopet, daktari wa tiba ambaye naye aliandika. Waliishi pamoja miaka mingi, St Mellons, kwenye nyumba iliyoitwa Lark's Rise, mpaka Freeman alipofariki 21 Februari 1959, akiwa na miaka 61. Riwaya ya Mary Fitt iitwayo Mizmaze imetoka mwaka huo huo.

#32 Mjuaji wa Mtaa

Mwanamke na mwanamke miaka hiyo, na kijiji kikanyamaza? Hapo ndipo uzi ungeanzia.

#33 Msimamizi wa Jukwaa

Mjuaji, mada ni kazi zake na maisha yake yaliyo wazi. Anayetaka umbea wa majirani wa St Mellons afungue uzi mwingine, na ataufungia huko huko.

#34 Mjuaji wa Mtaa

Sawa mkuu, nimesikia. Swali la kitaaluma basi: nianze na kipi?

#35 Mzee wa Rafu

Wewe kwa ubishi wako anza na The Murder of Herodes, na uanze na kesi yenyewe kabla ya maelezo. Mpenda riwaya aanze na mrithi wa kwenye dhoruba. Binti ana Ancilla tayari, atafute kile kinene cha 1946 asiendelee kunisumbua. Nahodha hahitaji kitabu.

#36 Wakili wa Ngazi ya Chini

Kabla hamjatawanyika, nimekaa na hii kesi toka jana. Swali ambalo hakuna aliyeuliza: huyo Lycinus wa kwenye barua alikuwa na ugomvi gani na Herodes? Maana kama ni yeye aliyetaka auawe, kwa nini kizimbani yuko Euxitheus peke yake?

#37 Mzee wa Rafu

Wakili, umefika alipofika mshitakiwa. Anasema Lycinus na Herodes hawakuwa na uadui, na Lycinus hakuwa na hata pesa ya kulipa deni lililomweka kifungoni, seuze ya kumlipa muuaji. Ndugu wa Herodes walisema mengi, lakini barua yenye jina la Lycinus waliitumia kumkamatia mtu mwingine.

#38 Mjuaji wa Mtaa

Haya yote ni Antiphon anasema. Mimi bado kaua.

#39 Nahodha wa Pangani

Kalewa, kateleza. Nendeni mkalale.